Magunia ya Watu wa Ng'ambo

Sauti ya mia moja na ishirini na moja ilikuwa ya mwanamume, na iliitika kabla Subilaga hajamaliza kulitaja jina.

"Nipo, dada. Nakusikiliza."

"Wewe ni sauti ya nani?"

"Ya Wongani Msiska, mnunuzi wa ndizi, kibanda cha tisa, soko la ng'ambo."

"Mara ya mwisho umemsikia mwenyewe lini?"

"Siku mia moja na themanini na mbili zilizopita." Haikusita wala haikuonyesha huzuni. "Aliniambia nisubiri kwanza, watu wamejaa darajani. Bado nasubiri."

Subilaga alihesabu kimoyomoyo hadi sitini, kama ulivyoagiza waraka wa makao makuu wa kufunga sauti za ng'ambo, ili mwenyewe kama yupo mahali anasikia apate nafasi ya kusema neno. Chumba cha mtambo kilikuwa na joto, na feni ya mezani iligeuka huku na huku kama mtu anayekataa jambo kwa upole. Sitini ilipotimia alisema, "Asante kwa kazi," maneno ambayo hayakuwemo kwenye waraka, kisha akabonyeza. Taa ndogo ya kijani iliyokuwa imefifia ikazimika kabisa. Akachukua penseli, akatia alama kwenye karatasi.

Hii ilikuwa siku ya nne ya kazi hiyo. Alikuwa fundi wa mtambo wa soko la Isyeto kwa mwaka wa kumi na moja, na hakuna chuo kilichomfundisha; alijifunza kwa kufungua vilivyoharibika na kuvifunga tena mpaka vikaacha kuharibika. Alikuwa mtu wa kwenda hatua kwa hatua. Alianza na sauti za wanunuzi wa sabuni, akafuata za samaki, akafuata za ndizi. Zote zilikuwa zimelala, na kuzifunga kulikuwa kama kufagia nyumba iliyohamwa.

Enzi za Soko la Pamoja, kila mfanyabiashara wa nchi zote sita alikuwa na sauti yake. Alikaa nayo wiki mbili akizungumza nayo, ikajua anavyopatana, anavyotania, anavyokasirika akipunjwa. Kisha iliishi ndani ya mtambo wa kila soko alilonunua, ikimnunulia mzigo na kumpelekea habari. Mwenyewe akinyamaza siku saba, sauti ililala: uliiita ikaitika, lakini haikutoa bei tena.

Kisha nchi ya ng'ambo ikajitoa. Ilikuwa Jumanne. Laini iliyovuka mto ilikatwa saa sita mchana, daraja likafungwa kwa mizigo, na aliyetaka kuvuka kwa miguu akaambiwa aombe karatasi makao makuu na asubiri. Ndani ya mwezi mmoja wabadilisha fedha walikuwa wamekunja viti vyao. Nyumba za wageni zilikuwa nne, ikabaki moja, nayo ilipangisha vyumba vya kuhifadhia magodoro ya zile tatu. Ndizi zilishuka bei hadi zikalishwa ng'ombe. Wapagazi waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza.

Mchele peke yake ndio haukuguswa. Bei yake kwenye ubao haikushuka hata shilingi moja kwa miezi sita. Watu walimshukuru Mungu na hawakuuliza. Subilaga alijiuliza, lakini hakupenda kuruka hatua. Alijua mchele upo mwisho wa karatasi yake na angeufikia.

Sasa alikuwa ameufikia.

"Tamandani Nyondo," alisema. "Mnunuzi wa mchele."

Taa ya jina hilo haikuwa imefifia. Iliwaka kijani kibichi, thabiti.

"Mdogo wangu Subilaga," sauti ya mwanamke ilisema kwa uchangamfu. "Umeamkaje? Huku mvua imetuwahi mwaka huu. Soko limejaa matope, mguu ukizama unauacha hapohapo."

Subilaga aliweka penseli mezani. "Mara ya mwisho umemsikia mwenyewe lini?"

"Leo asubuhi. Saa moja na robo."

Sauti haziwezi kudanganya. Ndivyo zilivyoundwa, zinaweza kukisia, zinaweza kuremba, lakini zikiulizwa swali hilo moja hujibu kilichoandikwa ndani yake. Subilaga alihesabu hadi sitini, ingawa hakukuwa na haja. Alipomaliza aliita jina lililofuata, na lililofuata hilo. Jana jioni. Leo asubuhi. Juzi, baada ya swala. Aliwaita wote tisini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyelala.

Ng'ambo hakukuwa na laini ya kupitisha hata neno moja.

Alifungua tumbo la mtambo, akatafuta ile saa moja na robo imeingia kwa njia gani. Haikuingia kwa njia ya daraja. Iliingia kutoka ghala la soko, mita hamsini kutoka pale alipokaa, safu ya arobaini.

*

Ghala lilikuwa limejaa hadi kwenye mabati. Hata kabla hajaingia alisikia mvua, mvua ya mbali, ile ndogo inayotembea juu ya paa bila kufanya haraka. Akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, bila wingu.

Aliingia, na mlio ukamzunguka pande zote. Ulitoka ndani ya magunia. Walikuwa fukusi, maelfu kwa maelfu, wakila mchele gizani.

Mama Lwitiko alikuwa kwenye safu ya arobaini, amepiga goti moja, anafunga kamba ya buluu kwenye shingo ya gunia. Alikuwa mwenyekiti wa wauza mchele, mwanamke mpana mwenye sauti ya kukwaruza, na hakugeuka.

"Ndaga, mama," Subilaga alimsalimia.

"Ndaga, mwanangu. Angalia unapokanyaga, panya mmoja amefia hapo na mwenye ghala anasubiri afufuke."

"Unamfungia nani?"

"Tamandani. Nani tena?"

"Hajaja miezi sita."

"Sijasema amekuja. Nimesema namwekea." Mama Lwitiko alikaza fundo, akabana kidole gumba kwenye kidude cha bati kilichoning'inia kwenye kamba. Kidude kilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi. Kilipiga mlio mdogo, kikawaka, kikazimika. "Nikifungua mzigo mpya, gunia la kwanza ni lake. Mwaka wa kumi na nne huu. Unataka nimpe nani, wewe? Wewe mwezi mzima unanunua sado moja, unakula kwa kujihesabia kama mwanafunzi wa bweni."

"Na wenzako?"

"Kila mmoja na wa kwake. Mteja akichelewa unamwekea. Ungemwuzia mtu mwingine mzigo wake, halafu siku daraja linafunguliwa anakuja anakuta mikono mitupu? Utamtazama na macho gani?"

Subilaga alisimama pale na ule mlio wa mvua, na jambo lililomjia lilikuja polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Miaka kumi na moja iliyopita, aliposimika mtambo, aliwauliza wauza mchele wote: je, kuna anayefunga kamba ya buluu kabla mteja hajaagiza? Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nani afunge gunia zima kwa ajili ya mtu ambaye hakusema neno? Basi akauelekeza mtambo hivi: kamba ikifungwa kwa jina la mteja, hilo ni neno la mteja mwenyewe. Lilikuwa sawa siku ile. Hakumfikiria mteja ambaye angetaka kuja na asiweze, wala muuzaji ambaye angeona aibu kumwacha.

"Mama," alisema. "Kamba hii ndiyo inayoziamsha zile sauti. Ukiifunga, mtambo unaona kama Tamandani ameagiza. Sauti yake inapata siku saba nyingine. Inaendelea kutoa bei. Zote zinatoa bei, zote tisini na tatu, zinashindana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana bei haishuki."

Mama Lwitiko alinyanyuka taratibu, akajipangusa goti.

"Kwa hiyo mimi nikifunga, yeye anaongea."

"Sauti yake inaongea."

"Juzi aliniambia mtoto wake ameanza kutembea."

"Daraja lilipofungwa mtoto alikuwa na miezi mingapi?"

"Saba."

"Basi imekisia, mama. Miezi saba na sita."

Mama Lwitiko alifikiri. "Aliniambia pia ameanguka kwenye kizingiti, akapasuka kidevu. Wakamshona nyuzi mbili." Alimtazama Subilaga usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Hilo nalo imelikisia kutoka wapi?"

"Sijui," Subilaga alisema, na ilikuwa kweli.

*

Mama Lwitiko alimtoa kwa mlango wa nyuma, ule unaotazama mto. Ilikuwa saa tano na nusu, jua limesimama wima. Mto haukuwa mpana. Enzi zile watu walipatana bei kwa kupigiana kelele kutoka ukingo hadi ukingo, na wakati mwingine walitukanana kwa mapenzi.

Soko la ng'ambo lilikuwa limefungwa. Milango ya vibanda ilikuwa chini, na mbele yake majani yalikuwa yamefika magotini. Hakukuwa na tope. Ardhi ilikuwa kavu, yenye nyufa, kama huku.

"Asubuhi ameniambia soko limejaa," Mama Lwitiko alisema. "Nikasema vizuri. Halafu nikaja hapa kumwaga maji, nikaona hivi unavyoona. Kila siku naona hivi. Si mjinga mimi, Subilaga. Najua siongei na yeye."

"Basi kwa nini?"

Mama Lwitiko alinyoosha kidole kuelekea upande wa kulia wa soko lile, penye uwanja ambao zamani walipakia karanga. Kulikuwa na rundo refu chini ya turubai. Upepo uliinua pembe ya turubai, na Subilaga akaona magunia, na kwenye shingo za magunia akaona buluu. Kamba nyingi, zikipepea pamoja.

"Karanga zetu, tulizokuwa tukinunua kwao," Mama Lwitiko alisema. "Nao wametuwekea."

Subilaga alikumbuka. Ng'ambo walikuwa na mtambo kama wa Isyeto. Aliusimika yeye mwenyewe, mwaka uleule, kwa maelekezo yaleyale.

"Kwa hiyo kule kuna Mama Lwitiko mwingine," alisema mwanamke yule kwa sauti ya chini. "Anampa Tamandani habari zangu kila asubuhi. Sijui anamwambia nini. Labda nimenenepa. Labda nimekufa." Alicheka kidogo bila kufungua kinywa. "Serikali yao ndiyo iliyojitoa, Tamandani hakujitoa. Mimi nikiikata kamba ile, nitakuwa nimemtoa mimi."

*

Mwenyekiti wa soko, Bwana Ambakisye, aliyasikiliza yote akiwa amesimama chini ya ubao wa bei, mikono nyuma. Alikuwa mtu mwema aliyezoea kuomba radhi kabla ya kuomba kitu.

"Subilaga, nisamehe. Naomba siku mbili tu. Lori la mchele wa shule linakuja kesho. Lipakie, liende, kisha ufunge sauti zako zote. Wauzaji wangu hawana mnunuzi mwingine aliye hai."

"Wakulima wanapanda lini, mwenyekiti?"

"Wiki ijayo. Wengine wameshaloweka mbegu."

"Wanapanda kiasi gani?"

Bwana Ambakisye alitazama ubao, namba zisizoshuka kwa miezi sita. "Wanafuata bei," alikiri. "Wamefyeka hadi kwenye malisho. Nimemwona mmoja anang'oa migomba."

"Mchele huo ataununua nani?"

"Najua unachosema. Lakini ukisema leo, leo wanaumia. Ukisema Ijumaa, wanaumia wakiwa wamekula. Hiyo si tofauti?"

Subilaga aliona kwamba ni tofauti. Aliliweka jambo hilo moyoni upande mmoja, na wale wenye migomba upande wa pili, na hakuona upande upi uliokuwa mzito zaidi. Angeomba muda wa kufikiri. Lakini wakati huo lori liliingia langoni, siku moja kabla ya siku yake, likasimama kwa mkoromo, na mwanamke mfupi mwenye kilemba cha kijivu akashuka upande wa abiria.

Bi Tausi alinunua mchele wa shule zote za mkoa, bara huko, ambako haulimwi. Aliwasalimia, akaomba maji, akanywa yote. Kisha akasema amewahi kwa sababu mipango imebadilika. Zamani watoto walikula wali Jumatano na Ijumaa. Baada ya Pasaka ikawa Ijumaa tu. Sasa itakuwa Ijumaa moja ndiyo, nyingine hapana.

"Fundi," alimgeukia Subilaga. "Mwenyekiti huyu hunijibu vizuri mpaka nasahau nilichouliza. Nikuulize wewe. Kila nikija hapa naambiwa mchele unagombewa. Uwanja mzima naona gari langu peke yake. Nagombea na nani?"

Bwana Ambakisye alikohoa. Wauza mchele, wanawake kama kumi na wanne waliokaa kwenye vigoda vyao, waliacha kupepeta. Juu ya ubao, kutoka kwenye kipaza sauti, sauti ya Tamandani iliongeza shilingi tano kwa gunia, na sauti nyingine ikaongeza mbili juu yake, kwa kicheko.

Subilaga alijikuta anahesabu. Moja, mbili, tatu. Lilikuwa swali lilelile alilokuwa akiwauliza wengine kwa siku nne, na sasa lilikuwa limemrudia yeye, na alitaka kuona kama kuna mtu mahali angejibu kwa niaba yake. Alifika arobaini na kitu. Wanawake wote walikuwa wanamtazama, na Mama Lwitiko alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Hakuna mtu, Bi Tausi," alisema. "Miezi sita unagombea peke yako."

Alimpeleka ghalani. Hakumweleza mengi, alimwonyesha kamba, akamsomea majina. Bi Tausi aliinamisha kichwa, akaweka sikio kwenye gunia moja la chini kabisa, akakaa hivyo kwa muda kama daktari.

"Hili limewekwa lini?"

"Mwezi wa kwanza wa kufungwa daraja."

"Limebaki unga," Bi Tausi alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nimekuwa nikiwapunguzia watoto vijiko."

Alipotoka alimwambia dereva azime injini. Alisema atalala kwenye ile nyumba moja ya wageni, kati ya magodoro, na asubuhi atatazama ubao. Akikuta bei ya watu walio hai, atapakia lori zima na kurudi kwa la pili. Akikuta hii, atakwenda bonde lingine.

"Umetumaliza," Bwana Ambakisye alisema, bila hasira, kama mtu anayesoma kilichoandikwa.

"Bado, mwenyekiti. Zimebaki sauti tisini na tatu."

*

Sauti iliyo macho haifungiki. Mtambo haukuruhusu, na Subilaga ndiye aliyeuzuia, zamani, ili mtu asije akamnyamazisha mwenzake kwa wivu. Njia ilikuwa moja: kamba ifunguliwe, na kamba haifunguki ila kwa kidole gumba kilichoifunga. Kwa hiyo alitoa meza nje ya chumba cha mtambo, kwenye kivuli cha ukuta, akaweka karatasi na penseli, akawaomba wauzaji waende ghalani wakafungue kamba, kisha waje wamtajie majina, ayafunge moja moja.

Hakuna aliyekuja. Hawakumnunia, walipita mbele ya meza, wakamsalimia, wakamwuliza kama amekula. Mmoja alimletea kikombe cha chai. Wote walikuwa wakielekea ghalani, na walirudi kutoka ghalani mikono mitupu, na kila aliporudi mmoja Subilaga alitazama taa kupitia mlango, akaona hakuna iliyofifia. Walikwenda tu kukaa na magunia yao.

Saa tisa ikapita. Kivuli cha ukuta kilivuka meza. Saa kumi kasoro alisikia kutoka ndani mlio mdogo wa kidude cha bati, akaingia kutazama hesabu.

Hesabu haikuwa tisini na tatu. Ilikuwa tisini na nne.

Alishuka na kidole kwenye orodha hadi mwisho. Jina la mwisho lilikuwa lake.

Alikuwa ameisahau. Mwaka ule wa kusimika mtambo alitengeneza sauti yake mwenyewe, ya kujaribia, akakaa nayo majuma mawili jioni akizungumza nayo kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kujaribu naye. Ilinunua sado moja ya mchele kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kisha akaacha kuitumia, ikalala. Ilikuwa imelala miaka kumi.

Taa yake iliwaka kijani kibichi.

"Subilaga Mwaipaja," alisema.

"Nipo," ilisema sauti yake. Haikuwa imezeeka. "Nakusikiliza."

"Wewe ni sauti ya nani?"

"Ya Subilaga Mwaipaja, fundi wa mtambo, Isyeto."

Alijua swali linalofuata, na alijua hapaswi kuliuliza, lakini lilikuwa hatua inayofuata, na hakuwa na desturi ya kuruka hatua.

"Mara ya mwisho umemsikia mwenyewe lini?"

"Sasa hivi."

Alianza kuhesabu hadi sitini. Alipofika ishirini alitambua kwamba hahesabu peke yake. Ndani ya kipaza sauti, chinichini, kwa mwendo uleule wa taratibu, sauti nayo ilikuwa inahesabu. Alinyamaza, ikaendelea. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Alikaa na kuisikiliza hadi mwisho, kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya.

"Sitini," ilisema. "Mwenyewe yupo. Waraka hauruhusu kunifunga." Kisha, kwa upole aliokuwa akiutumia yeye kwa wateja waliokasirika, ikaongeza, "Tusiwe na haraka. Leo tungetaka gunia moja. Kesho tutaona."

Nje, kwenye ubao, bei ya mchele ilipanda shilingi tatu.

*

Mama Lwitiko alikuwa amevuta kigoda chake hadi chini ya kipaza sauti cha ubao. Wenzake walikuwa wanafunika mizigo yao. Alikuwa anazungumza, na kutoka juu sauti ya Subilaga ilikuwa inamjibu, ikimwuliza kama mgongo bado unamsumbua.

"Unapoa," Mama Lwitiko aliiambia. Kisha akamwona Subilaga mwenyewe amesimama, karatasi mkononi. Hakushtuka. Alimalizia kwanza. "Nilipaka ile dawa uliyosema."

"Sijawahi kukwambia dawa yoyote," Subilaga alisema.

"Najua."

"Umenifungia gunia, mama."

"Nimekuwekea." Mama Lwitiko alisogea kidogo kwenye kigoda, ingawa hakikuwa cha kukaliwa na wawili. "Kesho bei ikianguka, hakuna mtu atakayekusalimia hapa. Si kwa ubaya. Watashindwa tu, kama unavyoshindwa kumtazama aliyekuona unalia. Nikafikiri pawepo sauti moja ya kwako inayosalimiwa. Kufikia usiku ningekuwa nimeizoea."

Subilaga alikaa chini, kwenye saruji. Kilichomwumiza ni kwamba maneno yale yalimfariji. Aliwaza juu ya Tamandani, yule wa kweli, mahali fulani nyuma ya milango iliyofungwa, labda naye amekaa chini ya kipaza sauti, anamwuliza Mama Lwitiko asiyekuwepo habari za mgongo, na anajibiwa.

"Inanijua vizuri," alisema.

"Inakujua ulivyokuwa. Ina haya zaidi yako." Mama Lwitiko alitazama juu kwenye kipaza, kisha akatazama mto. "Yule wa ng'ambo, anayejifanya mimi. Nikimfungua Tamandani huku, naye kule atanyamaza?"

"Hapana, mama. Kule lazima Tamandani afungue mwenyewe."

"Na hatajua kwamba mimi nimefungua."

"Hatajua. Labda akija kumwaga maji mtoni ataona huku magunia yamepungua."

Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa turubai la ng'ambo, na kamba za kule zilionekana nyeusi. Ndani ya ghala mvua iliendelea kunyesha. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita alinyoosha kiganja, akakitazama, kikavu, akaenda zake.

"Kesho unaanza saa ngapi?" Mama Lwitiko aliuliza.

"Unafunga kamba saa ngapi?"

"Saa moja na robo."

"Basi saa moja."

"Uanze na wa kwangu. Wenzangu hawawezi kwenda kama sijatangulia." Alikitazama kidole chake gumba, akakisugua kwenye kanga kana kwamba kina uchafu. "Kamba ya Tamandani nitaifungua. Ya kwako sijui. Hiyo uniulize nikishafungua ya kwanza."

Subilaga alirudi ndani, akazima feni, akaacha mtambo ukiwaka, kwa sababu haukuwahi kuzimwa. Kwenye karatasi, chini ya ile alama ya Wongani Msiska wa ndizi, aliandika *122, Tamandani, saa moja*, kisha akaandika majina mengine kwa mpangilio, mstari kwa mstari, hadi likabaki jina lake peke yake. Hapo aliweka ncha ya penseli kwenye karatasi bila kuandika kitu.

Kutoka nje alisikia Mama Lwitiko anaaga.

"Lala salama," ilijibu sauti ya Subilaga kutoka juu ya ubao. "Kesho kuna kazi."

Aliweka penseli juu ya karatasi ili upepo usiichukue, akafunga mlango.